Ukurasa wa Mapokezi Mtandaoni: Namna Mjasiriamali Anavyoweza Kumgeuza Mgeni Kuwa Mteja

WAJASIRIAMALI wengi nchini hivi sasa hutangaza bidhaa zao kupitia mitandao ya kijamii. Tangazo hulipiwa, picha ya bidhaa husambaa, na takwimu za mtandao huonesha kuwa mamia ya watu wamebofya kiungo. Hata hivyo, siku hupita bila simu kuita wala oda kuingia. Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye tangazo, kwenye bei au kwenye hali ya soko, ilhali tatizo huwa mahali pengine kabisa: ukurasa ambao mgeni huufikia baada ya kubofya.

Ukurasa huo, ambao katika makala haya unaitwa ukurasa wa mapokezi, una kazi moja tu. Ni kumpokea mtu aliyevutiwa na tangazo fulani, kumjibu maswali aliyokuja nayo, na kumwezesha kuchukua hatua moja iliyokusudiwa, iwe ni kununua, kupiga simu, kuweka oda au kujiandikisha. Unatofautiana na ukurasa wa mbele wa tovuti, ambao huhudumia watu wa aina nyingi kwa wakati mmoja: mteja, msambazaji, mtafuta ajira na hata mwanafunzi anayefanya utafiti.

Hesabu inayoamua faida au hasara

Umuhimu wa ukurasa huu huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa kikundi cha wafugaji nyuki mkoani Tabora kinachouza asali kwa wakazi wa Dar es Salaam. Kikundi kinalipa Sh. 60,000 kwa ajili ya tangazo, na watu 300 wanabofya. Faida ya kila ndoo ndogo ya asali, kabla ya kutoa gharama ya tangazo, ni Sh. 12,000.

Endapo katika watu hao 300 watanunua watatu, kikundi kitapata Sh. 36,000 na kubaki na hasara ya Sh. 24,000. Wakinunua watano, fedha ya tangazo itakuwa imerudi bila faida wala hasara. Wakinunua tisa, mapato yatakuwa Sh. 108,000 na faida halisi Sh. 48,000. Tangazo ni lilelile, asali ni ileile na wageni ni walewale 300. Tofauti kati ya kikundi kinachokula mtaji wake na kile kinachokua inaweza kuwa ni watu sita tu waliokuta, au hawakukuta, majibu waliyoyatafuta.

Ndiyo maana wataalamu wa biashara mtandaoni husisitiza kuwa kabla ya kuongeza fedha za matangazo, ni vyema ukurasa wa mapokezi ukarekebishwa kwanza. Kuongeza wageni katika ukurasa usiouza ni sawa na kuongeza maji katika ndoo iliyotoboka.

Ahadi ya tangazo itimizwe ukurasani

Kanuni ya kwanza ni kwamba maneno ya juu kabisa ya ukurasa yafanane na ahadi iliyomleta mgeni. Aliyebofya tangazo la asali ya nyuki wadogo anatarajia kuiona asali ya nyuki wadogo mara ukurasa unapofunguka, pamoja na ujazo wake na bei yake. Akikutana na historia ya kikundi, picha za hafla ya uzinduzi au orodha ya bidhaa 20, atadhani amepotea njia, naye huondoka.

Kichwa cha ukurasa kieleze mambo matatu kwa lugha nyepesi: kinachouzwa ni nini, kinamfaa nani, na kinamfikiaje. Maneno kama “Karibu katika ulimwengu wa ubora” hayamwambii mgeni chochote. Lakini maneno “Asali mbichi ya Tabora, kilo tano, inaletwa ulipo Dar es Salaam” yanamjibu kabla hajauliza. Picha nayo ioneshe bidhaa halisi itakayomfikia mteja, katika chombo kilekile, badala ya picha ya kuazima ya asali ya nchi nyingine.

Ukurasa mmoja, ombi moja

Kanuni ya pili ni kumwomba mgeni jambo moja tu. Kurasa nyingi humtaka anunue, afuate akaunti za mitandao ya kijamii, ajiunge na kundi la WhatsApp, atazame video na apakue programu, yote kwa pamoja. Mtu anayepewa njia tano kwa mara moja mara nyingi huahirisha zote.

Kitufe cha hatua hiyo moja kionekane bila kutafutwa, kiwe na rangi inayojitofautisha na maandishi mengine, na maneno yake yaeleze kitakachotokea baada ya kubofya. “Agiza kilo tano” ni bora kuliko “Tuma”, kwa sababu neno “Tuma” halimwambii mteja anatuma nini wala kwa nani.

Uzito wa maneno na picha chache umethibitishwa na jaribio linalofahamika sana katika taaluma hii. Mwezi Desemba 2007, timu ya kampeni ya Barack Obama aliyekuwa akiwania urais wa Marekani ilifanya jaribio katika ukurasa wa kuwaandikisha wafuasi wake. Ilitengeneza matoleo 24 ya ukurasa huo kwa kuchanganya maneno manne tofauti ya kitufe na picha au video sita, kisha ikawagawia wageni zaidi ya 300,000 matoleo hayo. Ukurasa wa awali, wenye kitufe cha “Jisajili”, uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni. Toleo lililoshinda, lenye picha ya familia ya mgombea na kitufe cha “Jifunze Zaidi”, liliandikisha asilimia 11.6, sawa na ongezeko la zaidi ya asilimia 40.

Funzo kubwa zaidi la jaribio hilo ni kwamba kabla ya kufanyika, watendaji wa kampeni walipendelea mojawapo ya video. Matokeo yakaonesha kuwa video zote zilishindwa na picha zote. Maoni ya mwenye biashara kuhusu kinachopendeza hayawezi kuchukua nafasi ya mwenendo halisi wa wateja.

Simu ya mkononi na gharama ya kifurushi

Sehemu kubwa ya wanunuzi wa mtandaoni nchini hutumia simu za mkononi, na wengi hununua vifurushi vidogo vya intaneti kwa siku au kwa wiki. Kwa hali hiyo, ukurasa mzito unamgharimu mgeni fedha zake hata kabla hajaamua kununua. Uchambuzi uliotolewa na kampuni ya Google mwaka 2016 ulionesha kuwa asilimia 53 ya matembezi ya kurasa za simu hukatishwa pale ukurasa unapochukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Hivi sasa kipimo cha Google kinachohesabiwa kuwa kizuri ni sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5.

Chanzo kikubwa cha uzito huo ni picha. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, ilhali ikipunguzwa vipimo ilingane na upana wa kioo cha simu hubaki na sehemu ndogo tu ya uzito huo bila kupoteza mwonekano. Video zinazoanza kucheza zenyewe, picha zinazobadilishana juu ya ukurasa na madirisha yanayochomoza ghafla navyo huongeza mzigo huku vikimziba mgeni asione alichokuja kukitafuta.

Vilevile, ukurasa unapaswa kusomeka bila kukuzwa kwa vidole, na vitufe viwe vikubwa vya kutosha. Mwongozo wa usanifu wa mfumo wa Android hupendekeza eneo la kugusa lenye ukubwa wa takribani milimita tisa kila upande. Kabla ya kuutangaza, mwenye biashara aufungue ukurasa wake kwa simu ya bei nafuu, akitumia mtandao wa kawaida, nje ya ofisi yenye intaneti ya kasi.

Fomu fupi, taarifa zinazohitajika tu

Wateja wengi hupotea wakati wa kujaza fomu. Mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, alieleza mwaka 2009 kisa cha duka moja kubwa la mtandaoni lililowalazimisha wateja kufungua akaunti kabla ya kulipia bidhaa walizokwisha kuzichagua. Wateja wapya walikasirika, nao wa zamani walisahau nywila zao. Wasanifu walipoondoa kitufe cha “Jisajili”, wakaweka cha “Endelea” pamoja na maelezo mafupi kwamba akaunti si ya lazima, idadi ya walionunua iliongezeka kwa asilimia 45, na duka likaingiza dola milioni 300 zaidi katika mwaka wa kwanza.

Kwa kikundi cha asali, jina, namba ya simu na mahali pa kupeleka mzigo vinatosha. Tarehe ya kuzaliwa, barua pepe au namba ya kitambulisho haviisaidii asali kufika. Kila kisanduku kinachoongezwa ni swali jipya katika akili ya mteja: taarifa hizi zinakwenda wapi?

Swali hilo sasa lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni halali na yanayofahamika, na zisitumike kwa jambo jingine kinyume cha madhumuni hayo. Wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi wanapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hivyo, fomu fupi humpendeza mteja na wakati huohuo humpunguzia mfanyabiashara mzigo wa kutunza taarifa asizozihitaji.

Imani hutangulia malipo

Mteja aliyeko sokoni huishika bidhaa, huinusa, humtazama muuzaji usoni na hujua pa kurudi akidanganywa. Mtandaoni hana hata kimoja kati ya hivyo. Wapo pia wananchi waliowahi kutuma fedha na wasipokee kitu, au kupokea kitu tofauti na kilichooneshwa pichani. Kwa sababu hiyo, mgeni huingia ukurasani akiwa na shaka, na kazi ya ukurasa ni kuiondoa shaka hiyo kwa ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni utambulisho. Jina la biashara liwe lilelile lililosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na namba ya simu iwe inayopokelewa. Zoezi la anwani za makazi lililofanyika mwaka 2022 limerahisisha jambo jingine muhimu, kwani biashara sasa inaweza kuandika jina la mtaa na namba ya jengo badala ya maelezo ya jumla. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Mwaka 2015 nayo ina masharti ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia ya kielektroniki, pamoja na masharti kuhusu matangazo yanayotumwa kwa watu ambao hawakuyaomba.

Ushahidi wa pili unahusu bidhaa. Kwa bidhaa iliyothibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), alama ya ubora ioneshwe ikiwa imebandikwa kwenye chombo chenyewe. Kwa asali, mnunuzi huwa na wasiwasi kama imechanganywa na sukari, hivyo ukurasa ueleze ilikovunwa, ilivyochujwa na lini ilifungashwa. Maoni ya wateja yawekwe pale tu yanapokuwa ya kweli na wenyewe wameridhia.

Ushahidi wa tatu ni bei kamili. Gharama ya usafiri ikitajwa mwishoni, baada ya mteja kukubali bei ya bidhaa, huonekana kama mtego. Ni bora iandikwe tangu mwanzo, hata kama inafanya jumla ionekane kubwa. Ukurasa pia ueleze mzigo utachukua siku ngapi, utapokelewa wapi, na mteja afanye nini endapo chombo kitafika kimepasuka.

Ushahidi wa nne ni malipo. Mteja anapolipa kwa lipa namba, jina linalojitokeza katika simu yake kabla ya kuthibitisha linapaswa kulingana na jina lililo ukurasani. Jina la mtu binafsi asiyetajwa popote linaweza kumfanya mteja aliyekwisha kuamua kununua asitishe malipo katika hatua ya mwisho.

Hila hufukuza wateja

Baadhi ya kurasa hutumia mbinu za kumharakisha mteja: saa inayohesabu muda kurudi nyuma na kuanza upya kila ukurasa unapofunguliwa, tangazo kwamba “zimebaki tatu tu” wakati ghala limejaa, au bei ya zamani iliyokatwa mstari ambayo haikuwahi kutozwa. Mbinu hizo zinaweza kuongeza mauzo ya siku chache, lakini mteja akigundua hurudi na malalamiko badala ya kurudi na oda, na huwasimulia wenzake.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya Mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Katazo hilo halibagui kati ya bango la barabarani na ukurasa wa mtandaoni. Punguzo likiwa la kweli, litajwe pamoja na tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika liondolewe.

Kupima kabla ya kubadilisha

Ukurasa wa mapokezi haukamiliki siku unapowekwa mtandaoni. Mwenye biashara aandike kila wiki idadi ya waliofika, waliobonyeza kitufe na waliolipa. Wengi wakifika na wachache wakabonyeza, tatizo lipo katika kichwa, picha au bei. Wengi wakibonyeza na wachache wakalipa, tatizo lipo katika fomu, usafiri au njia ya malipo. Mgawanyo huo humwezesha kurekebisha panapohusika badala ya kubomoa ukurasa wote.

Hata hivyo, biashara ndogo zinapaswa kuwa na tahadhari. Jaribio la Marekani lililotajwa lilikuwa na wageni zaidi ya 300,000. Kwa biashara yenye wageni 300 kwa mwezi, tofauti kati ya wanunuzi wanne na sita inaweza kuwa bahati tu. Ni vyema ikabadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ikaliacha kwa muda wa kutosha, kisha ikalinganisha.

Ipo pia njia isiyo na gharama. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen, amekuwa akieleza tangu mwaka 2000 kuwa kuwatazama watu watano wakitumia ukurasa hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Mjasiriamali anaweza kuwapa watu watano wasioijua biashara yake simu yenye ukurasa huo, akawaomba waagize bidhaa, naye akanyamaza na kutazama. Pale wanaposita ndipo penye kazi ya kufanya.

Mwananchi anayenunua

Vigezo hivyohivyo vinavyomsaidia muuzaji mwaminifu vinamsaidia mnunuzi kumtambua asiye mwaminifu. Kabla ya kutuma fedha, mwananchi anashauriwa kutafuta jina na anwani ya muuzaji, kupiga namba iliyowekwa, kulinganisha jina la ukurasa na jina linalotokea wakati wa malipo, na kusoma masharti ya kurudisha bidhaa.

Aidha, ieleweke kuwa alama ya kufuli au herufi “https” katika anwani ya tovuti humaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe na wengine njiani. Haithibitishi uaminifu wa mwenye ukurasa, kwani tapeli naye anaweza kuwa nayo. Kwa kurasa zinazojinasibu kutoa huduma za Serikali, mwananchi aangalie iwapo anwani inaishia na “.go.tz”, ambayo imetengwa kwa taasisi za umma. Namba za simu zinazotumika katika utapeli zinaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 15040.

Mnunuzi akilaghaiwa mara moja, ukurasa unaofuata atakaoufungua huenda ukawa wa kikundi cha Tabora chenye asali safi, naye ataufunga bila kuusoma. Hasara ya utapeli humfikia hata muuzaji asiyehusika. Kwa mantiki hiyohiyo, kila mjasiriamali anayeandika bei kamili, anayejitambulisha kwa jina lake la usajili na kupeleka kile alichokionesha pichani, hujipatia mteja na wakati huohuo huwajengea wenzake soko ambalo wananchi hawaogopi kuliingia.